Meno ya Koko Alphonsine

Koko Alphonsine alikuwa na meno yake yote, na hakuna mutu ndani ya avenue, njia ya kwao, aliweza kusahau ile. Asubuhi alikuwa anakaa mbele ya mulango na kutafuna muwa. Jua ikiwaka, alikuwa anafungua chupa ya Fanta na meno, bijana banamupigia makofi.

"Siye batu ya Butembo," alikuwa anasema, "tunazeeka miguu kwanza. Meno njo inabaki ya mwisho."

Bamama ya mutaa ya Nyakasanza balikuwa banacheka. Kahindo, muke ya mutoto yake, alikuwa anacheka pia. Lakini kicheko ya Kahindo ilikuwa fupi. Ilikuwa inakatika kila mara macho yake inafika kwa mukeka, pale Glodie, mutoto yake na mujukuu ya Koko, alikuwa anakaa.

Glodie alikuwa na miaka mbili. Lakini ukimubeba, ungesema unabeba kuku yenye imekosa mahindi: mifupa tu na joto kidogo. Nywele yake ilianza kuwa rangi ya vumbi. Batoto ya umri yake balikuwa banakimbiza mupira ya mifuko ndani ya matope. Yeye alikuwa anabaangalia tu.

Kahindo alijua kitu yenye Koko hakujua. Glodie alizaliwa na VIH, ile virusi inaleta sida. Kahindo iko nayo. Liévin, bwana yake, iko nayo pia. Balipimwa bote wakati Glodie aligonjwa sana. Tangu ile siku banakunywa dawa. Kisha Koko alitoka Butembo, alikuja kubasaidia kulea mutoto.

"Mama asijue," Liévin alisema. "Roho yake itakatika."

Basi, balificha. Asubuhi Liévin alikuwa anaenda nyuma ya choo na chupa ya maji, mbele ya kuenda sokoni kuuzisha bilatu, biatu ya kuvaa. Kahindo alikuwa anamufuata nyuma. Dawa ya Glodie ilikuwa ya kuyeyusha ndani ya maji. Koko akiuliza, Kahindo alikuwa anasema: "Ni ya mafua, Mama."

"Mafua gani haiishe?" Koko alikuwa anauliza. Kahindo alikuwa anaendelea kukoroga.

Koko aliona kitu moja tu: mutoto anakonda. Alisema ndani ya roho yake, huyu Kahindo ni muzuri, lakini hajue kulisha mutoto. Na alifanya kama mama yake alimufanyiaka, na kama bakoko mingi banafanyaka. Saa ya chakula alichukua kipande ya nyama, ile ya muzuri yenye Liévin alimuwekea ndani ya sahani. Alitafuna pole pole, mpaka inakuwa laini kama uji. Kisha aliitoa kwa kidole na kuiweka ndani ya kinywa ya Glodie.

"Meza, mama kidogo. Koko amekutengenezea."

Yeye mwenyewe alibaki na muchuzi. Kila siku ilikuwa hivi. Nyama ilikuwa inapita ndani ya kinywa ya Koko, lakini haikukuwa inashuka.

Kahindo hakuona mubaya. Yeye pia alilelewaka hivi.

Wakati mvua ilianza, Koko alishikwa na homa. Homa iliisha, lakini ilimuachia bipele ya maji kwa mudomo. Alipakala mafuta ya mawese.

"Ni homa inatoka tu," alisema. Na aliendelea kutafunia mutoto.

Haikukawia, Glodie akaanza kuwaka moto. Ute ilikuwa inatiririka mpaka kwa kifua. Ufizi yake ilivimba, ikawa nyekundu. Ndani ya kinywa ilijaa bidonda. Ile pâte ya karanga ya sachet, karanga ya kusaga ndani ya kifuko, yenye hospitali ilimupatia ili anone, aliisukuma na mukono. Alilia bila sauti, kama mutu amechoka hata kulia.

Liévin alimuangalia, akavuta Kahindo pembeni.

"Mama Glodie, ni ile dawa."

"Dawa gani?"

"Ya asubuhi. Ni kali. Mutoto amekonda hivi, ataweza dawa kali? Tuache kwanza. Anone, kisha tutaanza tena."

Kahindo alitaka kukataa. Lakini aliangalia ile kinywa, akaogopa. Asubuhi yenye ilifuata hakuyeyusha dawa. Na ingine pia. Glodie hakunona. Alizidi kuregea, kama mboga ya lenga-lenga yenye imekaa juani.

Ile njo ilimuamsha Kahindo. Alimufunga Glodie mugongoni na akaenda hospitali. Hakuuliza mutu.

Ndani ya salle, chumba ya batoto yenye utapiamlo, infirmière, ni kusema muuguzi, alikuwa Mama Joséphine, mwanamuke murefu wa pale pale Ituri, sauti yake ya chini. Alizungusha ruban ya rangi, ile utepe ya kupima kukonda, kwa mukono ya Glodie. Ilisimama kwa nyekundu, rangi ya hatari. Kisha alifungua sachet ya karanga na kumupatia Kahindo.

"Mujaribishe, tuone kama anakula."

Glodie aligeuza kichwa. Kahindo alijaribu tena. Glodie alilia.

"Basi," Joséphine alisema. "Mutoto yenye haweze kula hii, hatumurudishe nyumbani. Mutabaki hapa. Tutamupa maziwa ya matibabu kidogo kidogo. Na ile dawa ya VIH, anakunywa muzuri?"

Kahindo aliangalia miguu yake.

"Tuliiacha."

"Nani aliwaambia?"

"Hakuna mutu. Tuliona kinywa. Tulisema ni dawa inamuunguza."

Joséphine hakupiga kelele. Alivuta kiti, akawasha tochi. "Kuja uone, mama. Hii bidonda haiko ya dawa. Ni ya virusi ingine, jina yake herpès."

"Virusi ingine? Moja haitoshe?"

"Haitoshe, mama. Sikia. Mwili ya mutoto ni kama lupango, kiwanja ya nyumba. Lupango iko na clôture, uzio ya miti. VIH inakuja kukata kamba. Utapiamlo inakuja kungoa miti. Sasa clôture imelala chini. Mbuzi ya jirani itauliza ruhusa?"

"Itaingia tu."

"Itaingia na batoto yake. Njo hivi na virusi. Kuna herpès. Kuna ingine inaitwa cytomégalovirus, ile jina usisumbuke nayo. Siye bakubwa, mingi kati yetu tuko nazo ndani ya mwili na hatusikie kitu. Inalala. Kwa mutoto yenye nguvu mara mingi inapita bila shida. Kwa Glodie inaweza kuingia kwa macho, kwa mapafu, kwa tumbo. Ile inamuzuia kula. Asipokula, anakonda. Akikonda, ingine inaingia."

"Na dawa ya VIH?"

"Ile dawa njo inasimamisha clôture tena. Mukiiacha, munafungulia mbuzi mulango. Nitaongea na docteur, tuone namna ya kuendelea nayo leo, na tumupe dawa ya herpès. Lakini munielewe: kusiwe tena kuacha bila kutuuliza. Ukiogopa, kuja. Hata kama unaogopa bure."

Kahindo alipanguza macho na kitenge. "Sasa hii herpès aliitoa wapi?"

"Inapita kwa mate, na kwa bidonda ya mudomo. Nyumbani nani iko na..."

Hakumaliza kuuliza. Mulango ilifunguka, na Koko Alphonsine aliingia na sufuria juu ya kichwa. Jirani njo alimuambia kwenye Kahindo ameelekea.

"Eh! Unabeba mujukuu yangu hospitali, sijue?" Alisalimia salle yote, akakaa kwa kitanda, akafungua sufuria. Harufu ya nyama ilijaa. "Njaa njo inamuua huyu. Maziwa, maziwa! Ni ndama?"

Bamama ya bitanda ingine balicheka. Koko alitia nyama ndani ya kinywa na akaanza kutafuna. Joséphine aliona ile taya inazunguka. Aliona mudomo, na alama ya bipele yenye haijakauka muzuri. Koko alitoa nyama kwa kidole.

"Koko, ngoja kidogo," Joséphine alisema. "Usimupatie ile."

"Juu ya nini? Haina mufupa."

"Juu imetoka ndani ya kinywa yako."

Kidole ya Koko ilibaki juu.

"Kinywa yangu iko na nini? Nililea batoto saba na hii kinywa. Mumoja ni pasteri. Mumoja anauzisha bilatu hapa sokoni, uende umuulize kama nilimupatia sumu!"

"Ulilea muzuri, Koko. Lakini ndani ya mate yetu muko bintu yenye haituumize siye, na inaumiza Glodie. Ulinzi ya mwili yake ni kidogo."

"Kwa nini kidogo? Glodie iko na nini yenye batoto yangu hawakukuwa nayo?"

Joséphine aliangalia Kahindo, akazima tochi.

Koko alipanguza kidole kwa kitenge yake, akaamuka. "Ninaona. Niko muchafu." Alienda kukaa inje. Sufuria aliiacha wazi.

Joséphine alimuita Kahindo kwa pembe ya dirisha.

"Ile jibu siwezi kumupa mimi. Ni siri yenu. Yenye kusema ni weye, ao bwana yako. Lakini nikuambie kweli: akiendelea kumutafunia, mimi nitakuwa nafukuza mbuzi hapa, na yeye anazirudisha kule."

Liévin alifunga kwanza meza yake ya bilatu, kisha akafika. Kahindo alimuelezea yote ndani ya cour, kiwanja ya hospitali, pale bagarde-malade, benye kulinda bagonjwa, banafulia na kupika. Koko alikuwa mbali kidogo, kwa ukuta, mikono juu ya magoti.

"Tumuambie tu ni herpès," Liévin alisema.

"Atauliza juu ya nini herpès haikuua weye."

"Mama Glodie, akijua, atarudi Butembo. Atalia kwa famille yote. Sitakuwa na uso."

Kahindo hakuzoea kumujibu bwana yake mbele ya batu. Ile siku alijibu.

"Papa Glodie, Mama akienda Butembo, kuna gari ya kumurudisha. Glodie akienda, kuna gari?"

Liévin alitembea mpaka kwa ukuta. Alichuchumaa mbele ya mama yake. Alisema "Mama." Alisema tena "Mama." Kahindo alikuja na kupiga magoti pembeni yake.

"Mama, utusamehe. Haiko weye muchafu. Glodie iko na VIH. Njo sababu magonjwa ingine inamuingia mbio. Mimi niko nayo. Papa Glodie pia. Ile dawa ya mafua, haiko ya mafua."

Koko aligeukia Liévin.

"Liévin," Koko alisema, "na weye?"

"Ndiyo, Mama. Lakini ninakunywa dawa. Niko na nguvu."

"Unakunywa saa gani? Sijakuona."

"Asubuhi. Nyuma ya choo."

"Nyuma ya choo!" Koko alipiga mapaja. "Mutoto nilizaa mimi anameza dawa nyuma ya choo, kama mwizi anakula yai! Juu ya kuniogopa mimi?"

Liévin alianza kulia, yeye mutu mukubwa. Koko hakumugusa. Aliamuka, akafunga kitenge muzuri, akatoka kwa mulango ya hospitali bila kuangalia nyuma.

"Nilikuambia," Liévin alisema.

Asubuhi Koko hakuonekana. Liévin alikuja, akasema Koko ameamuka mapema, ameshika njia na kikapo yake. Kahindo alipokea ile habari na mikono yake juu ya Glodie. Maziwa ilikuwa inaingia kijiko kwa kijiko. Homa ilikuwa inashuka kidogo. Alitaka kufurahi, hakuweza. Alikuwa anamuona Koko juu ya lori, ndani ya vumbi ya Komanda, njia ya Butembo, anashika kitenge kwa macho.

Jua ilikuwa imepanda wakati alisikia ile sauti kwa mulango.

"Munipishe! Munipishe, ni nzito!"

Koko aliingia na kinu mupya juu ya kichwa, kinu kidogo ya muti nyeupe, na muti yake ya kutwanga chini ya kwapa. Alitua kinu mbele ya Joséphine. Jasho ilikuwa inamutoka.

"Nimezunguka soko yote kutafuta ya kipimo hii. Hii meno haina mate," alisema. "Fundisha."

Joséphine alicheka mpaka akashika kitanda. Kahindo alicheka na kulia pamoja.

"Mama, tulisema umerudi Butembo."

"Kufanya nini Butembo? Kule kuna Glodie?" Alikaa, akapumua. Sauti yake ilishuka. "Mama Glodie, nikuambie. Nilikuwa nasema weye haumupende huyu mutoto. Nilikuwa naona anakonda, na weye unamupa maji ya mafua. Njo sababu nilikuwa nakaza kutafuna. Kama mungeniambia, ningetwanga tangu zamani."

"Tulikuogopa, Mama."

"Ninafungua chupa tu. Siume batu."

Joséphine alimufundisha. Kuosha mikono na sabuni. Kuosha kinu na maji ya moto, na kuianika juani. Kupika maharagi mpaka inaregea, kuitwanga na samaki ya ziwa, ile ya Tchomia, na karanga, kuongeza lenga-lenga yenye imeiva. Glodie awe na kijiko yake na kikombe yake. Mutu asionje na kile kijiko kisha kumupa. Koko alisikiliza, taya yake inazunguka bila kitu ndani.

"Na hii kitoweo ya kinu, nimupe leo?"

"Leo hapana. Leo ni maziwa. Akianza kutaka kula, sachet ya karanga njo inakuwa ya kwanza, ni dawa yake. Usigawanyie batoto ingine. Kisha chakula ya kinu."

"Ninaweza kumubusu?"

"Kwa kichwa. Kwa miguu. Mudomo yako ikitoka bipele, ngoja ikauke muzuri, na usimubusu kwa uso."

"Na VIH yake, haitaniingia?" Koko aliuliza pole, macho kwa kinu.

"Haipite kwa kumubeba, Koko. Haipite kwa mate yake, kwa sahani, kwa kulala naye kitanda moja. Mubebe mpaka mugongo ikuume."

Koko alinyosha mikono papo hapo. Kahindo alimupa mutoto.

Glodie alibaki hospitali mpaka homa iliisha na bidonda ilikauka. Siku alishika sachet ya karanga yeye mwenyewe na kuinyonya, salle yote ilipiga makofi. Mbele ya kutoka, Joséphine aliangalia chanjo yake. "Rougeole, ile surua, pia ni virusi," alisema. "Nayo inapenda lupango bila clôture. Siku docteur atawaita kwa chanjo, musikose."

Balirudi Nyakasanza. Asubuhi ya kwanza, Liévin alishika chupa ya maji na kuelekea nyuma ya choo. Ilikuwa mazoea.

"Weye! Unaenda wapi?" Koko alikuwa amekaa kwa meza, ndani ya nyumba. Radio ilikuwa inasema habari. Juu ya meza kulikuwa bikombe, dawa ya Liévin, dawa ya Kahindo, dawa ya Glodie ya kuyeyusha, na dawa ya Koko mwenyewe, ya tension ya damu. "Kaa. Tutakunywa kama batu."

Balikunywa kama batu. Kwa jirani Koko hakusema neno. Siri ilibaki ndani ya nyumba, lakini haikubaki tena nyuma ya choo.

Tangu ile siku, avenue ilikuwa inasikia kinu. Mama Monique, wa lupango ya pembeni, alipita akasimama.

"Ee Koko! Unatwanga kama kizee. Meno imeanguka?"

"Iko yote. Iko kwa congé, inapumzika."

Miezi ilipita. Ruban ya Joséphine ilitoka kwa nyekundu, ikafika manjano. Kulikuwa siku mubaya pia. Glodie aliharisha mara moja, na Liévin mwenyewe alimubeba mbio hospitali, hakungoja. Dawa hawakuacha hata ile siku. Kisha mvua ilirudi, na ruban ikasimama kwa kijani. Nywele yake ilianza kuwa nyeusi. Docteur alipima damu na kusema VIH imelala, muendelee vile vile.

Siku moja Kahindo alipika nyama. Alipakulia Koko kipande ya muzuri, kama zamani. Koko alikuwa amekaa kwa kinu, anatwanga ya Glodie. Glodie alikuja mbio kutoka inje, miguu imejaa matope. Kahindo alimuosha mikono. Glodie alifika kwa sahani ya Koko, akashika ile nyama na bidole yote, akaipeleka mpaka kwa mudomo ya koko yake.

"Koko, tafuna."

Koko alifungua kinywa. Alitafuna pole pole, mpaka nyama ikawa laini. Na kwa mazoea ya siku mingi, kidole yake ilipanda kwa mudomo juu ya kuitoa.

Glodie alishika ile kidole, akaishusha.

"Hapana," alisema. "Meza."

Koko Alphonsine aliangalia Kahindo. Kahindo aliangalia Koko. Na Koko akameza.